Kigimbi kikikaza usiku, pima sukari kabla ya kutafuta ndizi

Nina kisukari. Ilikuwa saa tisa usiku. Kigimbi cha mguu wa kushoto kimekuwa kigumu kama jiwe, nimeng'ang'ania shuka, namwita mume wangu na sauti haitoki. Akashika unyayo, akavisukuma vidole vya mguu kuelekea gotini, taratibu, hadi msuli ukalegea. Kesho yake nilichechemea mpaka jioni.

Wifi yangu akasema ni baridi ya sakafu. Jirani akanishauri ndizi mbivu na dafu. Nikafuata ushauri wake wiki nzima, na misuli ikazidi kubana. Siku nilipopima sukari, kipimo kikasoma 17.2 mmol/L. Kumbe ndiyo maana nilikuwa naamka mara nne kwenda kukojoa! Sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, nayo huvuta maji. Maji hayo huondoka na sodiamu, potasiamu na magnesiamu, chumvichumvi ambazo msuli unazihitaji ili ukaze na kulegea. Na zile ndizi na madafu vilikuwa vinaipandisha sukari ile ile.

Kliniki, muuguzi aliniambia, "Mama, toa dawa zako zote uziweke hapa mezani." Akakuta kidonge cha presha, vile vya kukojoza, nilichoanzishiwa kwenye zahanati nyingine miezi miwili nyuma. Kliniki ya kisukari haikuwa na habari nacho. Kidonge cha aina hiyo nacho hupoteza maji na potasiamu. Nikapimwa damu na figo, daktari akanibadilishia. Nakuomba sana, usikiache mwenyewe. Presha ikipanda inaua. Baadhi ya dawa za kolesteroli nazo huleta maumivu ya misuli, kwa hiyo beba kila kitu unachomeza, hata mitishamba.

Kama unachoma insulini, sukari kushuka usiku inaweza kukukaza misuli pia. Ukiamka umelowa jasho na moyo unakwenda mbio, pima. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Kuna maumivu mengine ambayo watu huyachukulia kuwa ni uchovu tu. Unatembea kwenda sokoni, kigimbi kinabana, unasimama kidogo kinaachia, ukianza tena kinarudi. Hapo mishipa ya damu ya mguu huenda imekuwa myembamba, na kuchua kwa mafuta hakutaifungua. Ganzi na kuwaka moto nyayoni ni dalili za neva kuharibika. Kama umetumia metformini, kidonge cha kisukari, miaka mingi, uliza kuhusu kipimo cha vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuipunguza.

Mwenye figo dhaifu asijitibu kwa dafu wala vidonge vya potasiamu. Potasiamu ikijaa mwilini huvuruga mapigo ya moyo.

Mimi sasa nina daftari dogo kando ya kitanda: tarehe, saa, mguu upi, nilikuwa nafanya nini, sukari ngapi. Daktari alilisoma kwa dakika mbili na kuelewa kuliko maelezo yangu yote ya awali.

Ila kigimbi kimoja kikivimba kuliko mwenzake, kikapata joto na kuuma bila kuachia, usikubali kuchuliwa. Huenda ni damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.