Anza na saa ya maghribi

Swali la wiki hii lauliza hivi: mtu akitaka kuzuru mji mkubwa wa ng'ambo msimu wa baridi, ajitembeze mwenyewe bila kampuni ya utalii wala mtu wa kumshika mkono, aanzie wapi kupanga? Hili nalijibu mie, maana somo lake nshalilipia kwa miguu yangu. Jibu ni moja tu: kwanza angalia maghribi huko yaingia saa ngapi. Hoteli baadaye, orodha ya mahali pa kwenda baadaye, hata tiketi za kuingilia baadaye.

Mimi na mdogo wangu wa kike tulienda London Januari 2024, siku saba. Tulikuwa tumechanga karibu miaka miwili, na kwa muda wote huo kazi yetu ilikuwa kujaza daftari. Yeye akiona picha ya daraja, aandika. Mie nikiona kanisa, naandika. Tulipofika uwanja wa ndege wa Moi daftari lilikuwa limejaa na kila siku imegawanywa vizuuri, asubuhi tatu, mchana mbili, jioni mbili, hata saa ya kula imeandikwa. Kitu ambacho hatukuandika ni jua. Na nani angeandika jua, mtu wa Mombasa? Huku kwetu jua latoka saa kumi na mbili na kitu na latua saa kumi na mbili na kitu, Januari na Julai tofauti ni dakika kadhaa tu, hata saa yetu ya Kiswahili imesimama juu ya hilo, ukisema saa moja kila mtu ajua jua limetoka sasa hivi.

Sasa peleka saa hiyo London katikati ya Januari. Jua latoka saa mbili, latua saa kumi na dakika ishirini hivi. Na hiyo ni afadhali, mwisho wa Desemba mchana hata saa nane haufiki.

Siku ya kwanza tuliamka saa moja, nje kiza totoro, tukasema ah bado mapema, tukalala tena. Kutoka chumbani saa nne na nusu. Tukaenda Big Ben tukapiga picha (jina hilo ni la kengele, mnara wenyewe waitwa Elizabeth Tower), tukapita Buckingham, tukazubaa Trafalgar Square na wale simba wa shaba, tukanywa chai, hakuna aliyetazama saa. Kufika Tower of London saa kumi kasorobo, muda wa mwisho wa kuingia ushapita, watu watoka tu. Kosa letu, saa zao za msimu wa baridi zimeandikwa wazi, sie ndo hatukusoma. Tukabaki hapo kando ya mto, upepo wapenya hadi kwenye meno, taa za Tower Bridge zawaka na mchana ushakwisha. Mdogo wangu akafungua daftari akaniambia, "Dada, na leo bado kuna vitatu." Nikamwambia, "Funga hilo daftari twende tukale."

Usiku ule tulipanga upya juu ya kitanda. Tukachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja vitu vya mwangani, upande wa pili vitu vya ndani, basi. Vya mwangani ni vile ambavyo bila jua hujaviona: madaraja, mto, bustani, mitaa, mahali pa juu pa kutazama mji. Hivyo vyawekwa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, na kwa siku moja usiweke zaidi ya kimoja kikubwa. Vya ndani vyaanza giza likiingia, wala si adhabu, kwa sababu London makumbusho makubwa mengi kuingia ni bure, British Museum bure, National Gallery bure, Tate Modern bure, Victoria and Albert yaani V&A bure, ile ya Natural History yenye mifupa ya nyangumi juu ya ukumbi pia bure. Ni vizuri tu kuwekesha nafasi kwenye intaneti kabla, hiyo nayo bure. Na niseme kitu ambacho watu waona haya kuandika: makumbusho ya bure ni choo cha bure na joto la bure. Ukiwa watembea na baridi ya nyuzi tatu, hilo ni jambo kubwa kuliko picha zote za ukutani.

Halafu Ijumaa. Ijumaa British Museum yafungwa saa mbili na nusu usiku, National Gallery saa tatu, V&A saa nne kabisa. Kwa hivyo sie Ijumaa tuliswali msikiti mkubwa wa Regent's Park, ule wenye kuba la rangi ya dhahabu, tukatembea kidogo bustanini mpaka baridi ikatutoa, kisha jioni nzima tukawa ndani ya British Museum na watu si wengi. Nyuma yake hatua chache kuna chuo cha SOAS, ambacho maktaba yake imehifadhi miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, zikiwemo tungo za Muyaka wetu zilizokusanywa hapa Mombasa na mmishenari William Taylor. Hatukuingia, ila nlisimama nje usiku ule nikajisikia ajabu kidogo, maneno ya Mji wa Kale yamelala kwenye boksi hapo na nje kwanyesha manyunyu.

Kwa Waislamu wenzangu, hili la maghribi lina upande wa pili. Adhuhuri saa sita na kitu, alasiri saa nane na kitu, maghribi saa kumi na dakika ishirini. Swala tatu ndani ya saa nne na ushei, na zote zaangukia wakati ule ule wa jua ambao ndo wataka kuutumia kutembea. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya, itumie, na kabla hujatoka asubuhi jua utakuwa karibu na wapi saa nane. Whitechapel kuna East London Mosque na chakula cha halali kimejaa mtaa mzima, Edgware Road wako Waarabu na mishikaki yao. Sie tulipanga njia zetu zipite huko saa za kula, na tumbo likatulia.

Siku iliyokuwa nzuri kuliko zote ni ile tuliyotembea kando ya Thames. Tulianza Westminster saa tatu na nusu, tukavuka daraja, tukashika ukingo wa kusini, mto uko mkono wa kushoto, hata ramani huna haja. Wapita chini ya London Eye (mita 135, sie tuliitazama tu, bei yake waulize wengine), wafika Tate Modern ambayo zamani ilikuwa stesheni ya umeme, waingia wapasha mikono moto, watoka wasimama juu ya lile daraja la miguu la Millennium ambalo lilifunguliwa 2000 likayumba na watu mpaka likafungwa baada ya siku mbili, likarudi 2002. Siku hizi haliyumbi, nlijaribu. Mbele kidogo Borough Market, harufu tu yakushibisha, kisha Tower Bridge ya 1894. Kilomita nne au tano hivi, na kwa kusimama kwetu ilichukua mpaka saa nane. Tower yenyewe tuliiendea siku nyingine asubuhi mapema, tukaona mataji na wale kunguru, hiyo sina la kuongeza.

Nguo sasa, maana najua hapo ndo wengi mtaruka kusoma. Watu wa huku tukisikia baridi twafikiria theluji, twanunua viatu kama vya kupanda Mlima Kenya. Theluji London ni bahati nasibu. Utakachokutana nacho kila siku ni manyunyu na upepo, nyuzi mbili mpaka nane, mawingu. Kwa hivyo koti lisilopitisha upepo na maji lashinda koti nene la manyoya. Langu nlilinunua Kongowea kwenye mitumba, jaketi zito jeusi lenye kofia, zipu ilikuwa imelegea lakini kitambaa kizima. Asubuhi nzima nlikuwa nageuza makoti katikati ya kaskazi, jasho lanitiririka, muuzaji aniuliza "mama wajaribu koti la baridi saa hii?" Ndiyo, na uvae kabisa, uinue mikono, uone kama laziba kiuno. Ndani yake vaa nguo nyepesi tatu nne badala ya sweta moja zito, kwa sababu treni za chini ya ardhi zina joto la kweli na makumbusho pia, siku nzima wavua na kuvaa. Viatu, viwe vishazoea mguu wako na visipitishe maji. Mdogo wangu alikuja na raba za kitambaa, siku ya pili ashaloa soksi, tukatafuta viatu vipya kwa bei ambayo bado hapendi kuitaja.

Simu nayo yaogopa baridi. Betri yashuka haraka sana ukiishika nje, kwa hivyo iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, beba powabanki, na ramani ipakue mapema ikiwa bado uko kwenye waifai ya hoteli. Ukizimikiwa na simu saa kumi na moja jioni gizani kwenye mtaa usioujua, hapo utajua kwa nini nasema.

Usafiri wataka kadi ya benki ya kugusisha, kila mtu na yake. Mabasi ya London hayapokei hela taslimu tangu 2014, na M-Pesa yako haitakusaidia mlangoni, kwa hivyo hakikisha na benki kabla hujatoka kwamba kadi yako yafanya kazi nje. Nilipokwenda basi lilikuwa pauni 1.75, na ukishagusisha mara moja ndani ya saa moja wabadilisha basi upendavyo bila kulipa tena. Sie mabasi tuliyapenda kuliko treni. Namba 15 yapita Tower, yapita St Paul's, yaenda mpaka karibu na Trafalgar Square, panda juu ukakae kiti cha mbele kabisa, hiyo ndo ziara yako na mvua haikupati. Kutoka Heathrow treni ya Piccadilly ni ya polepole lakini nafuu kuliko ile ya Elizabeth.

Jihadhari na tarehe 25 Desemba. Siku hiyo London basi hakuna, treni hakuna, makumbusho yamefungwa. Kama wataka taa za Krismasi nenda mapema mwezi huo, ama ufanye kama sie uende Januari, watu wamepungua na vyumba vimeshuka bei. Viza ya matembezi waruhusiwa kuomba miezi mitatu kabla ya safari, usikae mpaka ibaki wiki mbili.

Siku ya mwisho tuliiweka Greenwich. Juu ya kilima, kwenye jengo la zamani la wataalamu wa kuchunguza nyota, kuna mpira mwekundu ambao tangu 1833 hupandishwa kwenye mlingoti na kuangushwa saa saba kamili mchana, ili mabaharia mtoni warekebishe saa zao. Tukasubiri na glavu mikononi, ukaanguka, puu, ndo hiyo basi, na sie tukapiga makofi peke yetu. Nikampigia mama. Huku Mombasa ilikuwa saa kumi, aniambia jua kali, ameanika nguo, na nyinyi je? Nikamwambia huku mama saa kumi ni maghribi. Akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa wapika saa ngapi?"

Tukashuka tukapita ile njia ya miguu iliyochimbwa chini ya mto tangu 1902, mita kama 370 hivi, ukitokea ng'ambo umepita Thames bila kulowa. Nikaikumbuka Likoni na ile foleni ya jioni. Kisha kumbe hata wao wana kivuko chao, Woolwich, na bure tangu 1889, tukakipanda kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, na wakati wa kurudi taa zote zishawaka.

Jaketi liko kabatini kwangu. Mwenye safari aje aazime, ila zipu yake yataka kuvutwa taratibu kutoka chini, ukilazimisha yaachia.