Bia ya mtama haitulii: je, nitie jelatini, mabondo au shabu?

SWALI: Ninaishi Jinja, Uganda, na hutengeneza bia nyumbani, lita 20 kwa kila mpiko. Nusu ya nafaka ni kimea cha shayiri, nusu ni unga wa mtama ambao haukuchipushwa, na vyote huviloweka pamoja katika maji ya nyuzi 65 kwa saa moja. Wiki tatu zimepita na bia bado imetibuka. Nimetia jelatini mara mbili bila mafanikio. Muuzaji mmoja ananishauri nitumie shabu, mwingine ananiuzia mabondo makavu ya samaki, yaani vibofu vyao vya hewa. Nichague kipi?

JIBU: Usichague chochote kati ya hivyo mpaka ujue ni kitu gani kinachoitibua bia yako. Maswali ya namna hii hunijia mfululizo, na karibu yote hutaja jina la dawa kabla ya kutaja chanzo, kana kwamba bia yote isiyong'aa ina ugonjwa mmoja. Chachu inayoelea, protini zilizoshikana na polifenoli (kemikali za mimea zenye kukaza ulimi) za maganda ya nafaka na za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, wanga usiovunjwa na bakteria walioingia kwenye ndoo vyote huitibua bia, na kinachoondoa kimoja hakigusi kingine.

Jelatini hufanya kazi kwa chaji ya umeme: ndani ya bia, ambayo ni asidi, jelatini huwa na chaji chanya, kwa hiyo huivuta chachu yenye chaji hasi na kuzama nayo. Huondoa pia ule mtibuko unaojitokeza bia inapopozwa, ila kwa sharti kwamba bia iwe tayari baridi sana inapotiwa, kwa sababu kwenye joto la chumba protini na polifenoli hizo bado zimeyeyuka na hakuna cha kunaswa. Wanga hauna chaji ya kuvutwa namna hiyo. Ukitia jelatini mara mbili au mara kumi, wanga utabaki ulipo.

Nami nashuku sana kwamba tatizo lako ni wanga. Wanga wa mtama mbichi huhitaji joto la takriban nyuzi 68 hadi 78 ili uive na kufunguka, ilhali wewe umeuloweka kwenye nyuzi 65, joto linalowafaa watumiao shayiri peke yake. Vimeng'enya vya kimea haviwezi kuuvunja ipasavyo wanga ambao haujaiva, na ukipandisha joto la mchanganyiko wote mpaka mtama uive, unaviua vimeng'enya vyenyewe. Dawa yake iko jikoni: chemsha unga wa mtama peke yake mpaka uwe uji, ukikoroga usiungue, uache upoe, kisha ndipo uuchanganye na kimea cha shayiri ili wote utulie kwenye nyuzi 65. Kabla ya kuchuja, dondosha maji kidogo ya kimea, yakiwa yamepoa, kwenye kisahani cheupe na uongeze tone la ayodini ya duka la dawa. Yakigeuka buluu iliyokoza au meusi, wanga bado upo, endelea kungoja. Kipimo hicho hicho kitakuambia hali ya bia uliyo nayo sasa, ila tone ulilopimia ulimwage.

Ayodini isipobadilika rangi, weka glasi ya bia kwenye jokofu usiku kucha, kisha iache mezani ipate joto. Ikitakata kadiri inavyopata joto, ni protini na polifenoli. Mpiko ujao tia mwani mwekundu uliokaushwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, dakika 10 hadi 15 kabla ya kumaliza kuchemsha, maana mwani hufanya kazi kwenye maji ya kimea yanayochemka wala hausaidii bia iliyokwisha kuchachuka. Ikiwa badala yake mashapo yanatuama polepole kwenye baridi, ni chachu, na hapo jelatini inafaa, ingawa siku kadhaa za jokofu mara nyingi hutosha bila kutia kitu.

Mabondo ya sangara, ambaye wengi huku humwita mputa, si uzushi. Mabondo ya samaki yametumika kutuamisha bia tangu zamani. Lakini hayatumbukizwi makavu ndani ya ndoo. Huyeyushwa taratibu katika asidi hafifu na baridi, na joto la mchana wa kawaida wa Jinja linatosha kuiharibu protini yake. Muuzaji asiyekueleza hayo anakuuzia harufu ya samaki.

Shabu ndiyo inayonikera kuliko yote. Katika maji ya kisima au ya ziwa, ambayo hayana asidi nyingi, alumini ya shabu huganda kuwa ute unaonasa udongo na kuzama nao. Bia ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya takriban 4 hadi 4.5, na katika asidi ya kiasi hicho sehemu kubwa ya alumini hubaki imeyeyuka, kwa hiyo mnywaji huinywa pamoja na ladha yake ya kukaza ulimi. Anayesema bia yake ilitulia baada ya kutia shabu, mara nyingi ameona tu chachu ikituama kwa wakati wake.

Biashara hii ya shabu na dawa nyingine zisizo na maelezo inaendelea kwa sababu tumeukubali ung'avu kuwa ushahidi wa usalama, na hapo ndipo hatari ilipo. Malwa, bia ya ulezi ya Teso, hunywewa kwa mirija mirefu ikiwa nzito, na uzito huo haumdhuru mtu. Waragi yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, iliyoua makumi ya watu katika wilaya ya Kabale na jirani zake mwaka 2010 ilikuwa kinywaji cha kukenekwa, yaani mvuke wake hupozwa uwe pombe kali, na methanoli haina rangi. Macho hayangeweza kuitambua. Vivyo hivyo bia iliyoingiwa na bakteria, yenye ukali wa siki au utelezi mdomoni, haiokolewi kwa kuitakasa rangi; humwagwa, na ndoo husafishwa upya.

Kwa hiyo yeyote anayekuuzia kitu cha kutia kwenye bia, mwulize ni kitu gani, hutiwa katika hatua ipi na kwa kiasi gani kwa lita. Akishindwa hata moja kati ya hayo, usinunue. Bia yako ya sasa, kama haijatiwa shabu na haijachacha vibaya, inywe ikiwa imetibuka hivyo hivyo, na mtama wa mpiko ujao uupike kwanza.