Leza inapozaje atomu? Jibu refu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza: "Leza inakata chuma, sasa inawezaje kupoza kitu?" Majibu yaliyotangulia yamesema "kwa sababu ya Doppler" (mabadiliko ya wimbi yanayoletwa na mwendo) yakaishia hapo, na ugumu wenyewe uko baada ya hapo. Nimefanya kazi miaka kadhaa hapa Ujerumani kwenye maabara inayopoza atomu za rubidi, aina ya metali laini, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu ninaouona mezani kila siku. Nitajibu pia aliyeuliza mbona atomu hizo hazigandi, na mdogo wetu wa kidato cha sita.

Kwanza, joto la gesi ni mwendo wa atomu zake. Kwenye joto la kawaida la chumba, atomu ya rubidi inakimbia takriban mita 300 kwa sekunde. Kuipoza ni kuipunguzia mwendo huo, hakuna kingine. Leza ya kiwandani inakata chuma kwa sababu chuma kinafyonza mwanga na nishati inabaki humo humo. Atomu moja iliyo peke yake kwenye ombwe haifanyi hivyo. Inachagua mwanga: rubidi inataka wimbi la nanomita 780, wekundu wa mwisho kabisa ambao jicho linauona kwa shida. Ikifyonza fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inakaa nayo nanosekunde 26 hivi kisha inaitoa.

Hapo ndipo kazi inapofanyika. Fotoni iliyoingia imetoka upande mmoja, upande wa leza, na imempiga atomu kikumbo kidogo. Fotoni inayotoka inaelekea popote, leo huku kesho kule, kwa hiyo vikumbo vya kutoka vinafutana na vya kuingia vinajumlishana. Kikumbo kimoja kinabadilisha mwendo wa rubidi kwa milimita 6 hivi kwa sekunde. Gawanya mita 300 kwa hizo, unapata kama fotoni 50,000. Zinaonekana nyingi, lakini atomu inaweza kupokea na kutoa fotoni karibu milioni 19 kwa sekunde. Kama ingebaki kwenye mwanga unaoifaa muda wote, ingesimama ndani ya milisekunde 3 tu. Breki hiyo inazidi nguvu ya uvutano wa dunia mara 10,000, na inatoka kwenye mwale wa milliwati chache.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeligusa: mwale huo huo ukiikuta atomu kwa nyuma si utaiongezea mbio? Utaiongezea, kama masafa ya leza (idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde) yako sawasawa na yale atomu inayoyataka. Ndiyo maana tunayashusha kidogo. Honi ya basi linalokujia inasikika nyembamba kuliko ya basi linaloondoka, na atomu inayoikimbilia leza inaona vivyo hivyo: masafa yamepanda, yamefika pale inapopataka, inafyonza na kupigwa kikumbo cha kuirudisha. Inayoikimbia leza inaona masafa yameshuka zaidi, inauacha mwanga upite. Hiyo ndiyo Doppler. Weka miale sita, miwili kwa kila mhimili, basi kokote atomu inakoelekea inakutana na mwanga unaoizuia. Masafa ya mwanga huu ni terahezi 384, yaani megahezi milioni 384, na tunayashusha megahezi 10 hadi 20 tu. Nikizungusha kitufe hadi masafa yapite juu kidogo ya yale ya atomu, wingu la atomu zilizopozwa linatoweka kwenye skrini, maana miale ile ile imegeuka ya kupasha.

Joto linaenda wapi? Linatoka na mwanga. Kwa wastani fotoni zinazotoka zina nishati kubwa kidogo kuliko zilizoingia. Mwanga unaingia umenyooka na una mpangilio, unatoka umetawanyika pande zote, na vurugu ya atomu imeondoka nao.

Jambo moja ambalo vitabu vinalipita haraka: leza moja haitoshi. Hali ya chini ya nishati ya rubidi 87 (aina mojawapo ya rubidi) ina ngazi mbili zilizoachana gigahezi 6.8, na baada ya mizunguko mingi atomu inaangukia ngazi ambayo leza kuu haiioni tena. Tunaweka leza ya pili ya kuirudisha. Ukiziba mwale wa leza hiyo ya pili kwa kipande cha karatasi, wingu linazimika papo hapo. Ukiondoa karatasi, linajijenga upya mbele ya macho yako. Kila mgeni wa maabara namwonyesha hilo kabla ya mlinganyo wowote.

Kuhusu kipimo, hakuna kipimajoto kinachoingia humo. Tunazima miale, na pia sumaku inayosaidia kulishikilia wingu, tunasubiri milisekunde chache, tunapiga picha. Wingu lililopanuka haraka lilikuwa la moto zaidi. Wazo la kupoza gesi hivi lilitolewa na wanafizikia Hänsch na Schawlow mwaka 1975, na Steven Chu na wenzake walilitekeleza pande zote kwa sodiamu mwaka 1985. Nadharia ilisema sodiamu haishuki chini ya maikrokelvini 240 (maikrokelvini ni sehemu ya milioni ya digrii juu ya sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa). Mwaka 1988 kundi la William Phillips likapima 40. Ni nadra sana jaribio kutoa matokeo mazuri kuliko yaliyoahidiwa! Maelezo yalikuja kutoka Paris kwa Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, na kwa kundi la Chu pia. Watatu hao walipata Nobeli mwaka 1997.

Mbona hazigandi? Kwa sababu ziko mbalimbali mno. Ili mbili zishikane, lazima ya tatu iwe karibu kubeba nishati inayobaki, na kwenye wingu jembamba hivi zinakutana tatu kwa nadra. Na aliyesema tumefika sifuri kamili, hapana. Wanafizikia Cornell na Wieman walifika kama nanokelvini 170 (nanokelvini 1,000 ni maikrokelvini 1) mwaka 1995, tena si kwa leza peke yake: mwishoni waliziacha atomu zenye mbio zitoke, zilizobaki zikapoa.

Mdogo wangu wa kidato cha sita, umeuliza uanzie wapi. Shika vizuri mawimbi na umeme, na jifunze kulehemu saketi, maana sehemu kubwa ya siku zetu inaishia kwenye kuituliza leza isihame masafa. Ukifika chuo, omba jaribio la kioo chenye mvuke wa rubidi na leza ya diodi. Halihitaji ombwe kubwa, na utaziona ngazi za atomu kwa macho yako kwenye osiloskopu, skrini inayochora mawimbi ya umeme. Kwa sasa kokotoa hili: atomu ikikimbia mita 1 kwa sekunde kuelekea leza ya nanomita 780, masafa yanapanda kiasi gani? Weka hatua zako hapa, nitazipitia.