"Mwanamume Aliyeolewa Haendi Kuposa"

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina umri wa miaka 31, naishi Diani, pwani ya Kenya. Watu wanajua kwamba ninauza vinyago ufukweni, lakini kwa miaka tisa riziki yangu hasa imetoka kwa watalii wa kike walionizidi umri, na msimu ukiwa mbaya, kwa wanaume pia. Kwa fedha hizo nimemjengea mama nyumba ya mawe na kuwasomesha wadogo zangu. Juzi tulipokuwa tukiandaa posa ya mdogo wangu, mahari nilitoa mimi, lakini ami alinivuta kando akaniambia nisiandamane na wazee, kwa kuwa "mwanamume aliyeolewa haendi kuposa". Isitoshe, naogopa kwenda kliniki kuomba dawa za kujikinga na Ukimwi, kwa sababu kopo lile hulia mfukoni na mtaa mzima unaijua sauti yake. Je, mimi bado ni mwanamume?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na neno la ami yako. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na ukigeuza kauli hiyo umeshatukana. Ndiyo maana kijana anayetunzwa na mwanamke huambiwa amewekwa, ama huitwa marioo au kibenteni, na anayelipwa na mwanamume mwenzake hupachikwa jina la shoga, ilhali basha aliyemlipa hupita barabarani akiamkiwa. Mzee anayewanunua wasichana usiku husemwa kwamba ana tamaa, lakini uanaume wake hauguswi. Kinachoaibishwa, basi, ni mkono unaopokea. Nao mkono huo huo ulipotoa mahari, hakuna aliyeuliza ulichotoa ulikitoa wapi.

Cheti cha uanaume sina mamlaka ya kukupa, wala ami yako hana. Linalonitia wasiwasi zaidi ni jinsi vijana wa ufukweni wanavyojikinga na fedheha hiyo. Wengi humwita mteja "mpenzi", na huenda mapenzi yapo kweli, lakini mpenzi huona haya kuombwa kondomu, na kijana aliyezoea kuambiwa kwamba mwanamume haogopi huona haya kuidai. Hapo jina zuri linamlinda na maneno ya watu huku likimwacha wazi kwa maradhi.

Nenda kliniki. Dawa hizo za kujikinga, ziitwazo PrEP, zimekuwa zikitolewa nchini Kenya tangu mwaka 2017, nazo ni za mtu asiye na virusi, kwa hiyo utapimwa kwanza. Usizimimine kwenye karatasi, kwani unyevu huziharibu. Tia pamba safi ndani ya kopo, nalo litanyamaza. Ikitokea kondomu imepasuka nawe hutumii PrEP, kuna dawa za dharura ambazo ni lazima uzianze kabla ya saa 72 kupita na kuzimeza kwa siku 28. Mweleze mhudumu kwamba wateja wako ni wa jinsia zote mbili, la sivyo atakupima nusu. Akikudharau, omba mwingine.

Sheria nayo usiipuuze. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 kwa ngono baina ya wanaume, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Hata hivyo, katika kesi iliyoanzia huko kwenu Kwale, Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua mwaka 2018 kwamba kumlazimisha mwanamume akaguliwe maungo ili kutafuta ushahidi wa ngono ni kinyume cha Katiba. Akija askari na daktari kwa nia hiyo, kataa na uombe wakili.

Kuhusu ami, usimjibu mbele ya watu. Mwendee nyumbani kwake baada ya swala ya Isha, umpe heshima yake yote, kisha umwulize kwa upole kama angependa mahari yale yarudishwe. Sidhani atasema ndiyo.