Ugiriki na Roma ya kale chuoni: maswali yenu

Nipo kidato cha sita, HGL. Kilatini sijakisoma hata siku moja. Kuna chuo kitakachonipokea? (Morogoro)

Vipo, mdogo wangu. Uingereza, kwa mfano, kuna shahada ya lugha, ambayo Kigiriki na Kilatini utakwenda navyo mpaka mwisho, na kuna ya ustaarabu, ambayo maandishi unayasoma yakiwa yameshatafsiriwa. Cambridge wana kozi ya miaka 4 badala ya 3 kwa wasio na Kilatini. Mwaka wa kwanza ni wa kujenga msingi. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, wana idara inayofundisha masomo haya pamoja na falsafa. Hata ukichukua ile ya tafsiri, ongeza Kilatini kidogo. Kivumishi kufuata nomino hakutakushangaza, ngeli umezizoea. Jasho litakutoka kwenye miisho ya nomino zenyewe.

Si ni kukariri majina ya wafalme na vita tu? (Nakuru)

Kukariri kupo, tusidanganyane. Ila kwenye semina mnaweza kukesha na karatasi moja. Chukua barua za Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, zilizoanza kufukuliwa mwaka 1973: vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimojawapo ni cha mnamo mwaka 100 BK. Claudia Severa anamwalika shoga yake, Sulpicia Lepidina, siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Mwandiko ni wa karani, umenyooka. Halafu pale chini unabadilika, unakuwa wa kusuasua: Severa kashika kalamu mwenyewe, na mwenzake anamwita dada. Sasa jibu: wake wa maofisa walijifunzia wapi kuandika? Na kama alijua kuandika, karani wa nini?

Hii ni historia ya Wazungu. Mswahili inamhusu nini? (Tanga)

Na wewe wa Tanga ndiye unayeuliza! Katika karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikubaki, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi. Anashuka mpaka pwani yetu, anayoiita Azania, na kuishia kwenye soko la Rhapta. Anataja vyombo vya kushonwa, pembe za ndovu, magamba ya kasa. Anataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa kutoka Muza, bandari ya Yemen. Na manahodha Waarabu waliotumwa huku, anasema, waliijua lugha ya wenyeji na walioa kwao. Miaka karibu elfu mbili hiyo! Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanabishana hadi leo, na mwenye Kigiriki chake anaingia kwenye ubishi huo bila kutegemea tafsiri ya mtu.

Tena dola ya Roma haikuwa ya Ulaya peke yake. Septimius Severus, kaizari wa mwaka 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York.

Binti yangu ameng'ang'ania somo hili. Atakula nini? (Mama, Mombasa)

Mama, hofu yako naielewa; hii si kama udaktari. Wahitimu wake utawakuta kwenye ualimu, makumbusho, uandishi wa habari, utumishi wa serikali. Wengine huenda sheria, ila asidhani sheria ya Kirumi itamfaa moja kwa moja mahakamani Kenya, kwani mfumo wetu ni wa Kiingereza. Ni Afrika Kusini na baadhi ya majirani zake ndiko inakotumika, kwa mkondo wa Waholanzi. Akipata ufadhili, mwache aende. Kama ada ni ya mfukoni mwako, achukue shahada ya pamoja na fani nyingine. Kuuza shamba kwa ajili hiyo, mimi nakataa.

Nianzie wapi bila kununua vitabu? (Bukoba)

Maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ni bure. Ukibofya neno la Kigiriki unapewa maana na umbo lake, na tafsiri ya Kiingereza ipo. Anza na Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, kitabu chake cha pili, habari za Misri. Anapiga chumvi, lakini mara nyingi hukwambia nani kamsimulia.