Upendo wangu ulikuja baada ya zamu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu mleta mada. Umeuliza inakuwaje mtu anasali miaka yote, anakomunika (anapokea Ekaristi), na bado hawezi kuwavumilia majirani zake. Na kama imani ya Kikristo inamkuza mtu katika upendo kweli au inampa maneno mazuri tu. Wengi wamekujibu kwa aya. Mimi nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye jumuiya yetu.

Kwa wasio Wakatoliki: katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa huku kwetu Afrika Mashariki, walikubaliana kwamba Kanisa lisiishie parokiani, lishuke mpaka majumbani. Ndizo hizi jumuiya ndogondogo. Kaya chache zinazokaribiana zinakutana kila wiki, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, tunaombeana, tunaulizana nani ana shida. Na watu wenyewe hukuwachagua. Kwaya unachagua, chama cha kitume unachagua. Jumuiya unapewa kwa sababu unaishi pale, pamoja na yule usiyeelewana naye.

Kwetu alikuwepo mzee mmoja mkali sana. Watoto wakikatiza uani kwake anawafukuza na fimbo, na salamu anaitikia akipenda. Akapata kiharusi. Mkewe naye ni mtu mzima, hana nguvu za kumnyanyua, na watoto wao wako mbali. Wiki ile tukasoma Mathayo 25, na mwenyekiti wetu, mama anayeuza dagaa sokoni, akafunga Biblia akasema: "Jamani, tumesikia, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Haya, Jumatatu anakwenda nani?" Katibu akafungua daftari.

Nilikwenda kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye lile daftari. Sikuwa nampenda. Kazi ilikuwa kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumwogesha, kubadili shuka, kumlisha uji. Uji wa mgonjwa wa kiharusi una utaratibu wake: unamkalisha kwanza, unampa kijiko kidogo, unasubiri ameze kabisa ndipo uongeze, la sivyo anapaliwa. Kuna siku alisukuma kijiko kwa mkono ule uliobaki mzima, uji ukamwagika kwenye shuka tuliyotoka kuitandika.

Lakini siku zilivyokwenda nikaanza kumjua. Uji wa ulezi anautaka, wa mahindi hautaki. Hapendi kulazwa akitazama ukuta. Ukimshika bega la kushoto anaumia. Ukishajua mambo kama hayo juu ya mtu, hasira uliyokuwa nayo kwake inakosa pa kukaa. Nikajikuta napita kwake hata siku isiyo zamu yangu, kuuliza tu kama amekula.

Utasema hata wasio Wakristo wanauguza. Ni kweli kabisa. Jirani yake mmoja, mama wa Kiislamu, alikuwa akimfulia mashuka kabla sisi hatujajipanga, na Yesu mwenyewe alipoulizwa jirani ni nani alimtaja Msamaria. Ninachoshuhudia ni upande wangu. Tulichoka, tena sana, na wengine walianza kutoa udhuru. Kilichoturudisha ni sala. Kila wiki tulimwombea kwa jina lake, kwa sauti, mkewe akiwa ameketi palepale. Ukishafanya hivyo, kupita mlangoni kwake bila kuingia ni kazi ngumu. Na lile neno la 1 Yohana 4:20, kwamba asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona, sikulisikia tena kama maneno ya mahubiri. Nilijua ni nani anayesemwa.

Wapo pia wanajumuiya wawili waliokuwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja, hawasalimiani. Daftari likawapanga siku moja. Mtu mzima aliyelala hanyanyuliwi na mmoja, kwa hiyo walilazimika kusemeshana.

Niseme na linaloniumiza. Kuna jumuiya zimegeuka kuwa vikao vya michango, majina ya wasiolipa yanasomwa mbele ya watu, na maskini anaacha kuja kwa aibu. Hapo sishangai mtu akisali miaka na asione upendo ukiongezeka. Kama yako iko hivyo, lizungumzeni na katekista, na kama hasikii, nendeni kwa paroko. Michango ina mahali pake, ila mgonjwa atangulie.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usisubiri kwanza usikie upendo moyoni. Wiki hii nenda jumuiyani, mwulize katibu ni nani anaumwa na nani hana wa kumsaidia, uandikwe zamu. Hasa kama ni yule usiyemvumilia. Mwombee kwa jina kabla ya kutoka nyumbani, na ukirudi mwombee tena. Ukishaanza, tuletee mrejesho hapa.