Barua kwa Mwanangu: Vitabu vya Kurudia LSAT

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote, hatujambo. Umeniandikia kwamba alama zako za LSAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea sheria, hazikufikia zile zinazotakiwa na vyuo vya sheria unavyovitaka huko Marekani, kwamba umeamua kuurudia mtihani, na sasa unauliza kama ununue vitabu anavyokuuzia mwenzako kwa bei nafuu, ulipie kozi ya mtandaoni, au urudie mazoezi yale yale uliyokwisha kuyafanya.

Kabla hujatoa pesa, tazama vitabu hivyo vilichapishwa lini. Tangu Agosti 2024 mtihani huo hauna tena yale mafumbo ya kupanga watu na vitu, ambayo watahiniwa waliyaita michezo ya mantiki. Sasa zipo sehemu nne, kila moja ya dakika 35: mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu wa kusoma ndizo zinazohesabiwa, na ya nne ni ya majaribio, ila mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kwa hiyo kitabu cha mbinu za mafumbo mwachie mwenyewe, hata akikupa bure. Mikusanyo ya mitihani halisi ya zamani ni habari nyingine. Mitihani ya kabla ya 2020 ilikuwa na sehemu mbili za hoja, moja ya ufahamu na moja ya mafumbo. Ukiondoa ya mafumbo, unabaki na kile kile utakachopimwa nacho leo. Hiyo inunue, mradi mwenzako hakuzungushia majibu kwa kalamu. Ile ya kabla ya Juni 2007 haina vifungu viwili vinavyosomwa kwa kulinganishwa, basi itumie zaidi kwa hoja.

Maswali yaliyotungwa na wauza vitabu kwa kuiga mtihani siyapendi, kwa sababu ugumu wa LSAT umo katika majibu ya uongo yanayowekwa kando ya lile la kweli, na hayo si rahisi kuyaiga. Mtu akisema, "Kila basi la kutoka Kampala kwenda Gulu hupita Bombo, basi hili limepita Bombo, kwa hiyo linakwenda Gulu," sisi wa hapa tutacheka, maana basi la Arua nalo linapita hapa hapa. Lakini kosa hilo hilo likivikwa habari za dawa au za uchumi, likawekewa majibu matano yanayofanana, hata msomaji mzuri hulipita asilione.

Ndiyo maana siwezi kukuambia ununue nini kabla hatujajua unakosea wapi. Fanya mtihani mmoja mzima kwa kujipimia muda kwa saa, ukiweka alama kwenye kila swali unalolitilia shaka. Kisha, kabla hujatazama majibu, yarudie maswali hayo bila saa. Ukilipata bila saa lile ulilolikosa kwa saa, shida yako ni muda, na hakuna kitabu kitakachoitibu isipokuwa kuzoea mitihani kamili. Ukilikosa mara zote mbili, shida ni uelewa, na hapo kitabu kimoja cha mbinu za hoja, kilichoandikwa baada ya mabadiliko, kinatosha. Katika daftari andika kwa maneno yako ni kitu gani kilikuvuta kwenye jibu la uongo. "Sikuwa makini" siikubali. Sikuikubali kwa wanafunzi wangu pia.

Mazoezi uliyokwisha kuyafanya yatumie kwa uchambuzi huo tu, usiyatumie kujipima, kwa sababu alama utakazopata zitakuwa na kumbukumbu ndani yake. Mitihani usiyoiona kabisa iwekee akiba ya wiki za mwisho, na uifanyie kwenye kompyuta, kwa kuwa ndivyo utakavyofanya siku yenyewe. LawHub, tovuti ya wenye mtihani, ina michache ya bure, anza nayo. Nakala za fotokopi za Wandegeya, Kampala, zitakufaa siku umeme ukikatika.

Kozi isubiri. Kumbuka pia kwamba mtu haruhusiwi kufanya LSAT zaidi ya mara tano katika miaka mitano, wala zaidi ya saba maishani, na vyuo huletewa matokeo yako yote ya miaka hiyo, si yale mazuri peke yake. Usijiandikishe kwa tarehe ya karibu kwa sababu tu nafasi ipo.

Nipigie picha kurasa za mwanzo za vitabu vya mwenzako, pamoja na za daftari lako. Ikiwa ni mitihani halisi, pesa yake nitakutumia kwa simu.

Baba yako